Vumbi la unga: kisa cha mpishi wa mahamri aliyekatazwa ngano

Mwenye kisa hiki ameridhia kiandikwe. Nilimsomea rasimu yote, akanisahihisha mahali pawili, akacheka mahali pamoja ambapo mimi sikuona cha kuchekesha. Umri, mtaa na mambo kadhaa ya familia nimeyabadilisha ili asitambulike. Nitamwita Bi. Z. Mimi ni mtaalamu wa lishe katika kliniki moja ya Nairobi, na makosa mengi yatakayosomwa hapa ni yangu.

Usuli

Bi. Z. alikuja kwangu akiwa na miaka 37. Ana watoto wawili. Mumewe ni dereva wa masafa marefu, yuko nyumbani siku chache kwa mwezi. Wanaishi mashariki mwa jiji katika ua mmoja wenye vyumba vya mabati: chumba chao, cha mama mkwe, na cha wifi yake aliyerudi kwao baada ya kuachika. Kwenye fomu ya kliniki, mahali pa kazi, paliandikwa neno moja tu: "biashara". Msomaji alishike neno hilo.

Tumbo lilimsumbua kwa miaka sita. Lilimjaa kila alasiri mpaka alegeze leso, choo kikawa chepesi, chenye mafuta, kisichokubali kwenda na maji. Zahanati za mtaani zilimpima kile anachopimwa kila mtu Nairobi akilalamika tumbo: taifodi kwa kipimo cha Widal, amiba, minyoo. Aliambiwa ana taifodi mara nne. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akatibiwa pia bakteria wa tumboni aitwaye H. pylori kwa wiki mbili. Kila dawa ilimpa nafuu ya siku chache, kisha mambo yakarudi yalikokuwa.

Wakati huohuo damu ilikuwa ikimwishia. Himoglobini ilipimwa ikawa 8.1, ilhali kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 ni upungufu. Alimeza vidonge vya chuma miezi minane, ikafika 8.9 ikagoma hapo. Majirani walimwambia ale bitiruti, maini, terere na managu, akala vyote. Mama mkwe, kwa mapenzi yake, alimpikia kila jioni bakuli la uji wa lishe. Chai ya maziwa ilimvuruga tumbo kiasi kwamba akaanza kunywa ya rangi, jambo ambalo kwa Nairobi ni kama kutangaza msiba. Na mimba mbili zilimtoka, zote kabla ya miezi minne.

Baada ya ile ya pili, mama yake mzazi alimchukua akamrudisha kwao pwani apumzike. Alikaa karibu miezi minne. Huko aliacha ngano kwa hiari yake, kwa kuwa alijua akila chapati hatalala. Badala yake alikula wali, samaki, muhogo na mchicha wa nazi. Aliongezeka kilo nne, tumbo likatulia, rangi ikarudi usoni. Shangazi zake walisema ni hewa ya bahari. Mama yake alisema ni dua. Mimi, niliposimuliwa baadaye, nilisema ni kuacha ngano, nikajiona nimewashinda wote kwa elimu. Kumbe nami nilikuwa nimeona nusu tu.

Jibu lilivyopatikana

Aliporudi Nairobi alikutana na daktari wa hospitali ya umma aliyeuliza swali ambalo miaka yote halikuulizwa: kama chuma kinaingia mdomoni na hakifiki kwenye damu, kinapotelea wapi? Akaagiza kipimo cha damu cha kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, ziitwazo za tTG, za aina ya IgA, pamoja na IgA ya jumla. Hicho cha pili watu hukiruka ili kuokoa pesa, nacho kina maana. Wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha kwanza kitasema "hakuna kitu" hata utumbo ukiwa umeharibika.

Majibu yalikuja yakiwa juu ya kikomo kwa kidogo sana, si ndiyo si la. Daktari alipogundua kwamba mgonjwa hajala ngano kwa miezi minne, alielewa. Kipimo hiki hutafuta hasira ya mwili inayoamshwa na gluteni, protini ya ngano, na ukimwondolea adui yake, hasira hupoa. Ilibidi Bi. Z. arudie ngano: vipande viwili vya mkate kila siku kwa wiki sita, kisha apimwe tena. Alirudi kwenye mkate, na akarudi pia kwenye shughuli zake za kila siku. Wiki ya pili tumbo lilikuwa limejaa kama zamani. Alivumilia. Safari hii kingamwili zilifika mara tisa ya kikomo. Alipopigwa kamera na vipande vidogo kuchukuliwa kutoka duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vilionekana vimelala kabisa.

Huo ndio ugonjwa wa siliaki. Si mzio wa kawaida na si tumbo kukataa chakula. Mtu huzaliwa na jeni zinazomweka karibu nao. Akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya rai, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo wake mwenyewe. Vinyweleo vikilala, chuma, foliki, kalsiamu na vitamini D hupita vikienda zao. Hata kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vinyweleo hivyo, ndiyo maana chai ya maziwa ilimtesa. Ugonjwa usiotibiwa unahusishwa pia na mimba kuharibika, ingawa kwa mgonjwa mmoja huwezi kuapa kwamba ndio uliosababisha.

Aliyeufumbua uhusiano na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa akiishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika baridi ya njaa ya 1944 na 1945 mkate ulipoadimika, watoto waliokuwa wakidhoofu walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Aliyaandika katika tasnifu yake ya 1950. Hadi leo hakuna dawa inayoshinda alichokiona: acha gluteni, maisha yako yote.

Bi. Z. aliposikia aliniuliza, "Daktari, huu si ugonjwa wa wazungu?" Nimeulizwa hivyo hata na wauguzi. Duniani hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 100 anao, lakini utafiti uliochapishwa 1999 uliukuta kwa zaidi ya watoto watano katika kila 100 wa Saharawi, Waafrika wa Sahara Magharibi. Ngano ikizoeleka mezani, ugonjwa hauulizi mtu ametoka wapi.

Mpango wa kwanza

Alipofika kliniki kwangu nilimpa karatasi. Ilikuwa orodha ya Ulaya niliyoitafsiri miaka iliyopita na kujivunia tafsiri yake: soma lebo, nunua mkate maalumu, nunua tambi maalumu, jihadhari na supu za makopo. Mkate maalumu unapatikana katika supamaketi chache za upande wa pili wa jiji, na bei yake ni mara kadhaa ya mkate wa kawaida. Bi. Z. aliisoma karatasi polepole, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, kisha akauliza, "Na mbaazi?" Nikamwambia mbaazi hazina neno. Akatabasamu. Hapo ningeuliza mbona katika vyakula vyote amewaza mbaazi. Sikuuliza.

Kwa mdomo tulipanga vizuri zaidi. Ugali, wali, matoke, nduma, viazi, muhogo, githeri, ndengu, omena, mayai, mboga za majani: mwenye siliaki Nairobi hana njaa ya kuogopa. Tukakata chapati, mahamri, mkate, sambusa, keki, biskuti na tambi. Tukakata soseji (nyingi hujazwa unga wa ngano), sosi ya soya, na vinywaji vya kimea cha shayiri. Nikamwonya kuhusu anjera, ule mkate mwembamba wa chachu. Ya Kihabeshi ikiwa ya nafaka ya tefu tupu ni salama, lakini mjini hapa mara nyingi huchanganywa na ngano, na ile ya Kisomali kwa kawaida ina ngano. Akaendelea na chuma, foliki, kalsiamu na vitamini D.

Majibu yaliyogoma

Baada ya miezi sita himoglobini ilikuwa 10.2. Tumbo lilikuwa limetulia nusu. Kingamwili zilikuwa zimetoka mara tisa hadi mara saba tu. Si lazima ziwe zimefika kawaida kwa miezi sita, wengi huchukua mwaka na zaidi, lakini mteremko ulitakiwa uonekane kwa macho.

Nilimuuliza, "Dada, niambie kweli, hukuonja hata chapati moja Idi?"

"Wallahi sijaweka ngano mdomoni."

Kwenye faili niliandika: huenda hafuati masharti. Sentensi hiyo bado iko pale na siwezi kuifuta. Nikampangia kuja tena baada ya miezi mitatu, na nikamhutubia kuhusu nia na subira, yeye aliyekuwa amekula mkate wiki sita akijua utamuumiza kwa sababu tu ameambiwa na daktari.

Wiki tatu baadaye wifi yake alimleta mtoto kliniki kwa jambo lingine, akapita mlangoni kwangu. "Daktari," aliniambia, "wewe unamkataza mahamri, kwani hujui ndiye anayeyapika?"

Alfajiri jikoni

Niliomba ruhusa nikaenda, na ili kuona kazi yenyewe ilinibidi nifike saa kumi alfajiri. Biashara ilikuwa hii: mahamri na chapati, na mbaazi za nazi pembeni, kibanda kikiwa mlangoni mwa ua kando ya njia wanayopita wafanyakazi wa mjengo na makondakta wa zamu ya kwanza. Kila alfajiri pakiti nne za unga, kilo nane. Mahamri shilingi kumi, chapati ishirini.

Unga aliuchekecha ndani ya chumba, kwa kuwa nje kuna upepo. Chumba ni futi kumi kwa kumi, na dirisha lilikuwa limefungwa watoto wasipigwe na baridi. Kwenye mwanga wa balbu niliona vumbi limening'inia kama ukungu wa Limuru. Lilitua kwenye ndoo ya maji ya kunywa isiyo na kifuniko, kwenye vikombe, kwenye nyusi zake. Vumbi la unga ukilivuta halikomei puani. Hushikwa na makamasi ya koo, likamezwa. Hakuwa ameapa uongo, hakuliweka mdomoni. Liliingia lenyewe.

Nilikaa pale kwa muda wa saa tatu na daftari. Vidole vyenye donge vilizama kwenye mkebe wa sukari, mkebe uleule wa chai yake. Muhogo wake wa asubuhi aliukaanga kwenye karai la mahamri, katika mafuta ya mahamri, kwa imani kwamba moto unaua kila kitu. Moto unaua viini, lakini gluteni si kiumbe, na mafuta yanayochemka hayaiondoi. Mwiko ulikuwa wa mti, umepasuka, na kila ufa una donge la jana.

Kulipokucha mama mkwe alitoka na unga wa ule uji. Nilimwamkia, akanikaribisha, nikamuuliza kwa heshima unga wake una nini. Wimbi, mtama, soya, njugu, "na ngano kidogo, inashikisha". Mchanganyiko huo alikuwa akiupeleka kwenye kinu cha posho cha mtaani, kinu kinachosaga chochote kinacholetwa. Bi. Z. aliambiwa ni uji wa wimbi na aliamini ni uji wa wimbi. Kila jioni, kwa miaka, dawa ya kumwongezea damu ilikuwa na kile kinachomnyima damu.

Bibi wa watu alikaa chini kwenye kigoda, akanyamaza kwa muda mrefu. Nilijaribu kumwambia kosa si lake. Sina hakika alinisikia.

Ili nieleweke kuhusu kiasi: kipande cha mkate kina takribani gramu mbili za gluteni. Utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, yaani kama sehemu moja kati ya arobaini ya kipande hicho, zikiendelea kwa miezi mitatu zinatosha kuudhuru utumbo. Kwa chakula kinachoitwa hakina gluteni, kanuni za kimataifa za vyakula ziitwazo Codex zinaruhusu miligramu 20 tu kwa kilo. Uji peke yake ulikuwa unazidi kipimo mara nyingi. Vumbi, sukari na karai vilikuwa nyongeza.

Nilimuuliza Bi. Z. kwa nini hakuniambia kazi yake. "Hukuniuliza," alisema. Kisha, baada ya kugeuza mahamri yaliyokuwa karaini: "Na nilijua utaniambia niache. Nikiacha, karo utalipa wewe?"

Maamuzi

Tulikaa siku ya Jumapili, yeye, mama mkwe, wifi, na mume kwa simu kutoka njiani. Uji ulimalizwa kwa dakika moja: ngano itoke, na nafaka zisiende tena kinuni. Bibi alikubali unga wa wimbi wa pakiti kutoka kwa kampuni ambayo, tulipopiga namba iliyo kwenye pakiti, ilituambia haisagi ngano. Alinung'unika kwamba hauna ladha. Kwa ugali walihamia unga wa mahindi wa pakiti kutoka kwa msagaji mwingine tuliyemuuliza vilevile, na hapo kulikuwa na faida ya pili. Tangu 2012 sheria ya Kenya inautaka unga wa pakiti uongezwe chuma na foliki, vitu ambavyo kinu cha posho hakiongezi.

Biashara ndiyo iliyokula mchana wetu mzima. Mimi nilitaka aache kabisa. Hilo lilikufa palepale, kwa kuwa kibanda ndicho kilicholipa karo na kodi ya chumba. Mume alipendekeza barakoa na glavu. Tuliifikiria, kisha nikaikataa: vumbi lingeendelea kutua kwenye maji na matandiko, na barakoa saa kumi alfajiri mbele ya moto itavuliwa wiki ya pili. Wifi alijitolea kukanda na kukaanga mahamri chumbani kwake, upande wa pili wa ua, wagawane faida. Nusu ya tatizo ikaisha hapo, lakini nusu ya mapato nayo ikahama.

Aliyefungua njia ni mama mkwe, ambaye tangu siku ile ya uji alikuwa akizungumza kwa uchache. "Sisi zamani," alisema, "futari haikuwa mahamri peke yake. Vitumbua mmevisahau? Mkate wa sinia je?"

Mimi nina shahada ya lishe na sikuwa nimewaza hilo. Vitumbua ni mchele, nazi, hamira, iliki na sukari. Mkate wa sinia ni uleule mchele. Bhajia na viazi karai huweza kupikwa kwa unga wa dengu, mradi usiwe umechanganywa na ngano kama wafanyavyo wengi mjini. Nilikuwa nimemtuma mwanamke wa pwani akatafute mkate wa Ulaya supamaketi, na jikoni kwao kuna mkate usio na ngano tangu bibi zake.

Vyombo vilinunuliwa upya: karai na chuma cha vitumbua kwa mafundi wa Kamukunji, mwiko mpya, mkebe wa sukari wenye kifuniko uliofungwa utepe mwekundu. Mchele ulilowekwa usiku na kusagwa kwa blenda ya nyumbani, kwa hiyo kinu hakikuhitajika. Dengu zilizopukuswa alizisaga kwa kikombe kikavu cha blenda hiyohiyo.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mbaya. Vitumbua haviwezi kungoja, saa nne asubuhi vimeshakuwa vigumu. Umeme ulikatika usiku mmoja na mchele uliolowekwa ukachacha. Wafanyakazi wa mjengo walimwambia waziwazi kwamba havishibishi, ngano inashika tumbo mpaka saa saba. Mapato yalishuka karibu nusu. Aliniuliza kama nina wazo lingine, nami sikuwa nalo.

Kilichookoa ni mbaazi. Watu walikuwa wakija kwa ajili ya mbaazi zake, na mahamri ni kijiko tu. Alianza kuziuza kwa bakuli, pamoja na muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, na viazi karai mchana watoto wakitoka shule. Mahamri yalibaki kibandani, lakini yakitoka kwa wifi yameshakaangwa, ndani ya ndoo yenye kifuniko, na wifi mwenyewe ndiye huyashika kwa koleo. Ramadhani ilipofika, oda za mkate wa sinia zilimzidi nguvu. Chapati waliziacha kabisa. Wifi anasema mgongo wake unashukuru.

Matokeo

Miezi sita baada ya ziara ile, kingamwili zilikuwa mara mbili ya kikomo. Baada ya mwaka mmoja na nusu zikaingia ndani ya kikomo. Himoglobini ilifika 12.4, na vidonge vya chuma vikasimamishwa. Uzito umepanda kilo saba. Chai ya maziwa imerudi, kwanza nusu kikombe, sasa bila kuhesabu.

Si kila kitu kilikaa sawa. Kipimo cha msongamano wa mifupa, ambacho anakihitaji kwa miaka yote aliyokosa kalsiamu, hakijafanyika kwa sababu ya gharama. Kamera ya kurudia kuangalia utumbo pia haijafanyika. Mapato, kwa hesabu yake, yamerudi karibu na ya zamani lakini hutegemea msimu zaidi. Na mara mbili ameugua baada ya harusi, zote mbili kwa pilau aliyoambiwa haina kitu. Huenda ni kijiko cha sambusa kilichotumbukizwa, huenda ni viungo vya pakiti. Hatukujua.

Uchambuzi

Nianze na lililofanyika vizuri, kwa kuwa halikuwa langu. Daktari aliyekataa kuongeza vidonge vya chuma na badala yake akauliza vinapotelea wapi ndiye aliyemaliza miaka sita ya taifodi. Upungufu wa chuma usioitikia vidonge, kwa mtu mzima, ni sababu tosha ya kupima siliaki. Vilevile alikuwa na ujasiri wa kumrudisha mgonjwa kwenye ngano. Ni uamuzi mgumu, kumwambia mtu aliyepata nafuu ajiumize tena. Lakini bila wiki sita zile Bi. Z. angebaki na karatasi isiyosema kitu, na katika ua wenye watu tisa, "tumbo langu halipendi chapati" haiwezi kubadilisha uji wa bibi. Jina la ugonjwa liliweza.

Kwa hiyo naudhika kidogo na mtindo wa siku hizi wa kuacha ngano kwa kuiga watu wa kwenye simu, kisha ndipo mtu anakwenda kupimwa. Upime kwanza, uache baadaye.

Makosa yangu yako mawili, na nadhani yanafanana. La kwanza ni kuisoma nafuu ya pwani kama habari ya chakula peke yake. Ukweli ni kwamba kule vitu vitatu viliondoka pamoja: ngano mdomoni, unga hewani, na uji wa jioni. Aliporudi Nairobi nilimwondolea kimoja, nikashangaa mbona nusu tu ya afya imerudi. Hesabu ilikuwa mbele yangu tangu siku ya kwanza.

La pili ni kumshuku. Kingamwili zikigoma kushuka, sababu ya kawaida kweli ni gluteni inayoendelea kuingia, vitabu havidanganyi hapo. Lakini "inaingia" nilikusoma kama "anaiingiza". Laiti ningeuliza ndoo ya maji iko wapi, nani anapika, karai ni la nani, unga umesagwa wapi, tungeokoa miezi mingi. Fomu yangu sasa ina swali la nyongeza chini ya kazi: mikono yako inashika nini kutwa? Tangu niliweke nimempata fundi wa keki na kijana wa kubeba magunia ya unga.

Kuhusu usiri wake, wenzangu wawili niliowasimulia walisema mgonjwa alikosea kuficha. Siafikiani nao. Alipima alichokuwa nacho: upande mmoja tumbo, upande mwingine karo. Mtu hawezi kukufungulia mlango kama anajua unakuja kumzimia jiko. Mpango ulianza kufanya kazi siku tulipoanza na swali la pesa, na orodha ya vyakula ikafuata nyuma.

Lililonisumbua zaidi ni bibi. Hakuna mahali nilipofundishwa jinsi ya kumwambia mtu mzima kwamba bakuli alilolipika kwa mapenzi kwa miaka lilikuwa likidhuru. Nililisema vibaya, mbele ya watu, asubuhi, daftari mkononi. Ningerudi nyuma ningemwita pembeni. Kwamba yeye ndiye aliyekuja kutoa wazo la vitumbua ni ukarimu wake, mimi sikuustahili.

Limebaki jambo la watoto. Ndugu wa damu wa mgonjwa, wazazi, watoto na wa tumbo moja, wana uwezekano wa takribani mmoja katika kumi. Mkubwa amepimwa, hana, na atapimwa tena baadaye kwa sababu ugonjwa unaweza kuanza umri wowote. Mdogo, binti wa miaka minane, ni mfupi kuliko wenzake darasani na hajapimwa. Baba yake amesema atampeleka mwenyewe akirudi safari hii, shule zikifungwa. Mama yake alitaka kumwachisha ngano mara moja. Nikamsihi asifanye hivyo kabla ya kipimo. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, binti anavuka ua kwenda kwa shangazi yake kula hamri moja, kwa agizo langu, na mama yake anageuza uso upande wa pili.